Jicho Limepasuliwa, Ulinzi Umehamia Nyumbani

Ilikuwa Jumamosi jioni tulipokwenda Mbagala kumtembelea mama mmoja wa kikundi chetu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho siku 9 kabla. Ni fundi cherehani, mwenye umri wa miaka 48 na watoto 4. Tulichukua mchele kidogo, sukari, sabuni na ndizi mbivu, kama ilivyo desturi yetu akina mama tunapokwenda kumwona mgonjwa. Tulitegemea kumkuta amelala kifudifudi kama alivyoagizwa na daktari. Badala yake tulimkuta ameketi kitandani, amejifunga khanga za safari, begi liko mlangoni, na wifi yake anahesabu nauli.

Asubuhi ya siku ile zilikuwa zimefika habari za msiba. Mama mkwe wake amefariki kijijini, mkoani Njombe, na maziko ni Jumatatu. Tiketi za basi la alfajiri zilikwisha katwa.

"Dada nesi," wifi yake alituambia kwa upole, "jicho lenyewe halimuumi hata kidogo. Na mkwe ni mzazi. Asipoonekana msibani, watu watasema nini?"

Mumewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameinamisha kichwa, hasemi kitu. Tulimpa pole, tukakaa kimya pamoja naye. Kisha tukauliza swali moja tu: "Je, daktari aliacha nini ndani ya jicho? Hewa, gesi au mafuta?"

Hakuna aliyejua. Tuliomba daftari la kliniki, tukasoma. Limeandikwa: gesi. Hapo tuliwaomba wote wakae chini, kwa sababu safari ile ingeweza kumpofusha jicho kabla basi halijafika Iringa.

Wapendwa akina mama, tunaandika habari hii kwa sababu tumeona jambo moja mara nyingi katika kazi yetu ya uuguzi na katika kutembelea wagonjwa majumbani, kuanzia Tandale na Bunju hadi Mbagala na Yombo. Familia huhangaika sana kumfikisha mgonjwa kwenye upasuaji. Huuza, hukopa na kuomba. Upasuaji ukiisha, wote hupumua na kusema, "Tumemaliza." Kumbe kwa ugonjwa huu wa retina, majuma yanayofuata ndiyo yanayoamua kama jicho litaona au halitaona. Na majuma hayo mgonjwa hayatumii hospitali. Huyatumia kwako nyumbani.

Retina ni nini, na kwa nini hubanduka?

Nyuma kabisa ndani ya jicho kuna utando mwembamba sana unaopokea picha na kuzipeleka kwenye ubongo. Huo ndio retina. Katikati yake pana sehemu ndogo tunayoitumia kusomea, kushonea na kutambua sura za watu. Tuiite kiini cha retina. Mbele ya retina jicho limejaa ute mzito kama uji wa sagai.

Kadiri miaka inavyokwenda, ute huo hulegea na kujivuta kutoka kwenye retina. Mara nyingi hujivuta salama. Lakini pengine huichana. Maji hupenya kwenye ule mchano na kuibandua retina ukutani, kama karatasi ya ukutani inavyobanduka nyumba ikivuja. Retina iliyobanduka hukosa chakula chake na huanza kufa.

Walio katika hatari zaidi ni watu wanaovaa miwani mizito ya kuona mbali, waliowahi kuondolewa mtoto wa jicho, waliopigwa au kuumia jicho, na wale ambao jicho la pili au ndugu wa damu aliwahi kupata ugonjwa huu. Wenye kisukari cha muda mrefu na wenye selimundu nao huweza kubandukwa na retina kwa njia nyingine, pale makovu yanapoivuta.

Ugonjwa huu hauumi. Hiyo ndiyo hila yake. Mama yetu wa Mbagala aliona mwanga kama radi pembeni mwa jicho usiku, akadhani ni umeme wa Tanesco. Kisha akaona vitu vyeusi vinavyoelea kama nzi. Kisha kivuli kikaanza kushuka kama pazia. Alinunua dawa ya matone kwenye duka la dawa, akasubiri majuma mawili. Alipofika Hospitali ya Temeke na kupewa rufaa, kivuli kilikuwa kimefika katikati.

Hayuko peke yake. Daktari David Yorston na wenzake walichunguza wagonjwa wa retina katika Hospitali ya Kikuyu, Kenya, na kuandika matokeo yao mwaka 2002. Wengi wa wagonjwa hao walifika wakati kiini cha retina kimekwisha banduka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika retina, ufa unaweza kuzibwa kwa leza au kwa baridi kali kabla haujawa maji, na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Jinsi wanavyoirudisha

Zamani mgonjwa wa retina alilazwa kitandani kwa majuma mengi, asisogee, na karibu wote walipofuka. Aliyefungua njia ni daktari Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi. Miaka ya 1920 aliwaonyesha wenzake kwamba ni lazima kuutafuta ule mchano na kuuziba. Hadi leo kanuni ni ile ile, ingawa vyombo vimebadilika.

Njia ya kwanza ni kushonea mkanda mdogo wa silikoni nje ya jicho, chini ya ngozi nyeupe, ili ukuta usogee uikute retina. Mkanda huo kwa kawaida hubaki maisha yote. Njia ya pili ni kuutoa ute wa ndani, kuitandaza retina, kuuzungushia mchano leza, kisha kujaza jicho hewa, gesi au mafuta ya silikoni ili kuikandamiza retina mpaka ishike. Wakati mwingine njia zote mbili hutumika pamoja.

Kwa mikono ya wataalamu, macho kama 8 au 9 kati ya 10 hushika kwa upasuaji wa kwanza. Hiyo ni habari njema, nasi tunamshukuru Mungu kwa maarifa hayo. Lakini kushika kwa retina si sawa na kurudi kwa uwezo wote wa kuona. Kama kiini kilikuwa kimebanduka kwa muda, macho hurudi polepole kwa miezi, na pengine hayarudi yote. Ni vema familia ijue hili mapema ili isije ikamlaumu daktari au mgonjwa.

Gesi na mlima

Sasa turudi Mbagala. Kwa nini tuliizuia safari?

Gesi ikiwa ndani ya jicho hutanuka mtu anapopanda juu, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Mnaweza kuiona chupa ya maji tupu mliyoifunga Dar es Salaam ikivimba mkifika nyanda za juu. Jicho haliwezi kuvimba kama chupa. Gesi ikitanuka, presha ya ndani ya jicho hupanda, mishipa ya damu hubanwa, na jicho huweza kufa kwa muda mfupi.

Dar es Salaam ipo usawa wa bahari. Basi la Njombe hupita Morogoro na Mikumi, kisha hupanda Mlima Kitonga, na Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Njombe iko juu zaidi. Ndege ndiyo hatari zaidi, iwe ya Mwanza, Mbeya au ya kwenda ng'ambo. Lakini watu wengi hukumbuka ndege wakasahau mlima. Arusha, Lushoto, Mbeya na hata Dodoma kwa treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024, zote ziko juu. Mwenye gesi jichoni asipande hadi daktari aseme imekwisha. Hewa ya kawaida huisha kwa siku chache, aina moja ya gesi huchukua kama majuma 2, na nyingine huchukua majuma 6 hadi 8. Mafuta ya silikoni hayatanuki, hivyo mwenye mafuta anaweza kusafiri daktari akiruhusu.

Jambo jingine: ipo gesi ya usingizi inayotumika katika baadhi ya upasuaji na kwa madaktari wa meno, ambayo huingia kwenye ile gesi ya jicho na kuitanua ghafla. Kwa hiyo mgonjwa avae ukanda mkononi au abebe karatasi yenye maneno haya: NINA GESI JICHONI, pamoja na tarehe ya upasuaji. Akipata ajali ya bodaboda na kufikishwa hospitali hajitambui, karatasi hiyo itasema kwa niaba yake.

Tulipomaliza kueleza, wifi yake aliuliza, "Kwa hiyo daktari alijua haya asituambie?" Huenda aliambiwa mgonjwa akiwa bado na dawa ya usingizi. Huenda iliandikwa kwenye karatasi isiyosomwa. Ndiyo maana tunawasihi: siku ya kumtoa mgonjwa, aende ndugu mwenye akili timamu na kalamu, aulize: Mmeweka nini? Alale vipi? Kwa siku ngapi? Asisafiri hadi lini? Arudi lini? Nipige simu wapi?

Mumewe ndiye aliyekata shauri. Aliinua kichwa, akasema, "Mama yangu asingependa mke wangu apofuke kwa ajili ya mazishi yake. Nitakwenda mimi na watoto wakubwa. Nitawaeleza wazee." Begi likafunguliwa.

Yanayoweza kutokea baada ya upasuaji

Tuyataje moja moja, kwa kadiri yanavyokuja kwa wakati.

Presha ya jicho. Hii si presha ya damu inayopimwa mkononi. Ni msukumo wa ndani ya jicho. Huweza kupanda katika siku za kwanza, hasa palipo na gesi au mafuta. Mgonjwa huumwa jicho na kichwa upande ule, huona ukungu, na mara nyingi hutapika. Kwa kuwa sisi tumezoea, mtu akiumwa kichwa na kutapika tunasema malaria. Kwa aliyepasuliwa jicho, usianze na dawa ya malaria. Mpeleke hospitali jicho lipimwe. Baadhi ya dawa za matone zinazotuliza uvimbe nazo huweza kupandisha presha zikitumika muda mrefu, na hapo pengine hakuna maumivu yoyote. Ndiyo sababu kliniki hairukwi, na dawa hizo hazinunuliwi tena dukani bila kuandikiwa. Akipewa vidonge vya kushusha presha ya jicho, asishtuke akikojoa mara kwa mara au akihisi ganzi vidoleni. Mwenye selimundu au mwenye mzio wa dawa za salfa aseme kabla ya kuvimeza.

Maambukizi ndani ya jicho. Hayatokei mara nyingi, lakini ni mabaya kuliko yote. Kwa kawaida hujitokeza ndani ya siku chache hadi juma moja au mawili. Jicho huuma zaidi badala ya kupoa, huwa jekundu, kope huvimba, na mwanga hupungua.

Hapa tuna kitu cha kukiri. Miaka iliyopita, katika hospitali moja, tulikuwa zamu ya usiku. Baba mmoja mkazi wa Tandale, aliyepasuliwa siku 3 kabla, alitwambia jicho linamchoma. Tulikuwa wawili kwa wagonjwa wengi. Tulimpa vidonge vya maumivu, tukamwambia, "Vumilia baba, ni kidonda." Usiku wa manane aliita tena, nasi tukarudia maneno yale yale. Asubuhi daktari alipofungua jicho lilikuwa na usaha. Jicho lile halikuona tena. Baba yule hakutulaumu, na jambo hilo limetuuma zaidi kuliko kama angetulaumu. Tangu siku ile hatumwambii mgonjwa wa jicho avumilie. Kukwaruza kidogo na kuwasha kwa siku za kwanza ni kawaida. Maumivu yanayozidi si kawaida, na hayangoji asubuhi.

Kubanduka tena. Katika macho 5 hadi 10 kati ya 100, makovu huota juu ya retina, hujikunja na kuivuta tena. Mara nyingi hutokea kati ya juma la 4 na la 12, wakati familia imekwisha sahau. Waliochelewa kupasuliwa ndio wanaopata zaidi. Mgonjwa huona kivuli kinarudi. Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Mwenye gesi mwanzoni haoni kitu ila mwanga na mkono unaopunga. Kisha gesi inapopungua huona kama mstari wa maji katika glasi, na juu ya mstari ule huona vizuri. Mstari huo hucheza anapotikisa kichwa, na hushuka siku hadi siku. Huo ni uponyaji. Lakini kivuli kisichocheza na kinachokua, hicho ni hatari.

Mtoto wa jicho. Utoaji wa ute huharakisha mtoto wa jicho. Kwa waliopita miaka 50 wengi humpata ndani ya miaka 2. Huondolewa kwa upasuaji mwingine. Mgonjwa asikate tamaa akidhani retina imeharibika upya.

Mkanda. Aliyewekewa mkanda anaweza kuona vitu viwili viwili kwa muda, na namba ya miwani yake hubadilika. Asinunue miwani mipya mpaka jicho litulie. Mara chache mkanda hutokeza nje au kupata usaha, hata baada ya miaka. Akihisi kama kuna mchanga jichoni na tongotongo zisizokwisha, arudi aseme, "Nina mkanda."

Mafuta. Mafuta ya silikoni kwa kawaida huondolewa baada ya miezi kadhaa, kwa upasuaji wa pili. Yakikaa mno huweza kupandisha presha, kuharibu kioo cha mbele cha jicho na kuleta mtoto wa jicho. Tumewakuta watu waliosahau kabisa kuwa wana mafuta. "Nilikuwa naona, nauli sina, nikaacha," husema. Wakati huo presha imekwisha uharibu mshipa wa jicho kimyakimya.

Na jicho la pili likianza kuwa jekundu, kuuma au kuogopa mwanga, lisipuuzwe. Ni nadra sana, lakini jicho zima huweza kuvimba kwa sababu ya lile lililopasuliwa.

Huwapata wakubwa na wadogo

Pengine mtu atasema haya ni ya uswahilini kwetu tu. Sivyo. Gordon Brown, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia mwaka 2007 hadi 2010, aliumia katika mchezo wa raga shuleni akiwa na miaka 16. Retina ya jicho la kushoto ilibanduka. Alipasuliwa zaidi ya mara moja, akalazwa gizani kwa majuma, lakini jicho likapotea. Baadaye jicho la kulia nalo lilianza kuonyesha dalili zile zile. Safari hiyo alizitambua, akaenda mapema, na daktari Hector Chawla wa Edinburgh akaliokoa. Ni kwa jicho hilo aliona alipoitembelea Tanzania Januari 2005 akiwa waziri wa fedha. Mtu mmoja, macho mawili, na miisho tofauti. Jicho la pili la mgonjwa wako nalo lichunguzwe, kwa sababu liko katika hatari kuliko la mtu mwingine.

Utunzaji nyumbani

Kulala. Fuata alivyoagiza daktari, kwa sababu hutegemea mchano uko wapi. Wengi wenye gesi huambiwa wainamishe uso sehemu kubwa ya siku, kama dakika 50 katika kila saa, kwa siku kadhaa. Weka mto kifuani, au mgonjwa akae aegemeze paji la uso mezani juu ya khanga iliyokunjwa. Mwenye gesi asilale chali. Shingo na mgongo vitauma, kwa hiyo mkandeni. Kuinamisha uso kwa utulivu si sawa na kuinama kunyanyua ndoo.

Kazi. Asijitwike maji, asitwange, asipulize jiko la mkaa, asipakatwe na mtoto anayerusha mikono. Mtafutieni wa kupika. Daladala iliyojaa na bodaboda kwenye mashimo viepukwe siku za mwanzo.

Matone. Nawa mikono kwa sabuni. Vuta kope la chini, dondosha tone moja, ncha ya chupa isiguse jicho. Subiri dakika 5 kabla ya dawa nyingine. Andikeni saa ukutani na mweke alama kila mara. Usiku avae kile kikinga cha plastiki.

Usafi. Maji ya kuoga yasiingie jichoni. Jicho lisipanguswe kwa pindo la khanga, maana khanga hiyo ndiyo iliyofuta meza na pua ya mtoto. Tumieni pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Msitie maziwa ya mama, asali, majani wala maji ya aina yoyote mliyoletewa. Daktari Yorston na mwenzake Allen Foster waliandika mwaka 1994 juu ya vidonda vya jicho Tanzania vilivyohusiana na dawa za kienyeji. Jicho lenye mshono haliwezi kabisa kuvumilia hayo.

Ishara za kurudi siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku:
- maumivu yanayozidi, au kichwa na kutapika;
- wekundu unaoongezeka, usaha au kope kuvimba;
- kivuli au pazia kurudi;
- mwanga kama radi au vitu vyeusi vipya vingi, kwa jicho lolote;
- kuona kupungua ghafla.

Anayeweza aende moja kwa moja alikopasuliwa. Asiyeweza aende hospitali iliyo karibu, kama Temeke au Mwananyamala, aonyeshe daftari na kusema wazi, "Nimepasuliwa retina," ili apelekwe haraka kwenye idara kubwa za macho kama za Muhimbili au CCBRT iliyoko Msasani. Kwa walioko kaskazini, ipo KCMC Moshi.

Maneno ya watu

Juma la 7 mama yetu aliona kivuli kisichocheza. Hakungoja. Alimtuma mwanawe atupigie simu, na kesho yake alikuwa kliniki. Makovu yalikuwa yameanza kuivuta retina. Alipasuliwa tena, safari hii akawekewa mafuta.

Hapo maneno yakaanza. Baadhi ya ndugu walisema, "Si unaona? Hakumzika mkwe wake. Mama amekasirika." Maneno hayo yalimfikia, naye akalia usiku kucha, jambo ambalo jicho lake halikulihitaji. Tulikwenda kwake tena. Tulimweleza kwamba makovu huanza kuota kutokana na mchano wenyewe na kuchelewa kwa matibabu, na kwamba yangekuja azike asizike. Kama angepanda Kitonga na gesi, pasingekuwa na jicho la kupasuliwa mara ya pili. Mumewe alisimama mbele ya ndugu na kusema, "Mimi ndiye niliyeamua. Mwenye neno aniletee mimi." Ilikuwa dawa kubwa kuliko tuliyokuwa nayo mkobani.

Akina mama, mgonjwa anayelaumiwa huacha kusema. Akiona kivuli hukificha, asije akaambiwa ni laana au kwamba amewatia hasara. Msimnyamazishe. Ombeni pamoja naye, na nauli ya kliniki muiweke mkononi mwake.

Kikundi chetu kilipanga zamu. Mmoja alikuja asubuhi kutia matone, mwingine alipika, mwingine alikaa na cherehani kumalizia nguo za wateja ili asipoteze kazi. Kila mmoja alitoa kidogo kwa ajili ya bajaji ya siku za kliniki. Haikuwa kazi kubwa kwa mtu mmoja.

Mafuta yameondolewa baada ya miezi 5. Kwa jicho lile hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Anaona mlango, anaona sura ya mtu akisogea karibu, na havuki barabara kwa hofu. Jicho la pili lilikutwa na mchano mdogo, likapigwa leza kabla halijabanduka, na ndilo analoshonea. Mwezi uliopita alifunga safari ya Njombe pamoja na mumewe. Aliweka maua kaburini kwa mama mkwe wake, akasalimiana na wazee, akarudi.